Nilisifiwa kwa Kasi ya Diski, Dada wa Watu Akakosa Shahada

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najijua, nikichelewa kidogo nitatafuta wa kumsukumia.

Ni mtunza mitambo wa taasisi moja ya utafiti pande za Ubungo. Tuna kompyuta kubwa ya kisayansi, yenye prosesa nyingi zinazogawana hesabu moja. Wageni huletwa kuipiga picha. Shida yake ilikuwa diski. Prosesa zote zikimaliza kukokotoa zinakimbilia kuandika majibu kwa pamoja, kama mtaa mzima na ndoo zao mbele ya bomba moja. Mashine ya bei mbaya, inakaa foleni!

Mkurugenzi alilalamika kila kikao. Mie, kwa kupenda sifa, nikasema niachieni.

Nilichofanya si uchawi. Niliruhusu data zitulie kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, na prosesa ziambiwe "tayari, imeandikwa" kabla diski hazijaandika kitu. Yaani niliifundisha mashine uongo. Kisha nikazima kazi ya kutengeneza nakala za akiba, maana nayo ilikula muda wa diski. Kasi ikapanda, jamani! Nikaandaliwa semina yenye sambusa, nikapewa cheti, nikaanza kutembea kama vile umeme niliugundua mie.

Mpango wote huo ulikuwa salama mradi tu pawe na ile betri kubwa ya UPS, ili umeme ukikatika mashine ipate nafasi ya kumalizia kuandika. Hilo nililijua kuliko mtu yeyote pale.

Sasa sikilizeni upuuzi. Jumamosi moja kulikuwa na mechi ya watani, na kwangu Pugu umeme una tabia ya kukatika mpira ukinoga. Nilikuwa nimeshawatambia majirani kwamba kwa injinia hapazimi. Nikaipakia ile betri ya UPS ya ofisi kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, nikaenda nayo nyumbani. Mke wangu alipouliza imetoka wapi, nilimwambia ni ya ofisini, wikiendi haina kazi.

Pugu umeme haukukatika hata kidogo. Ulikatika kazini.

Kulikuwa na dada mmoja, mwalimu kutoka Songea, anasomea uzamili. Hesabu zake za mafuriko ya mabondeni zilikuwa zinakokotolewa kwenye mashine yetu tangu masika, na ruhusa yake ya masomo ilikuwa ukingoni. Jumatatu faili zake zilifunguka zikiwa takataka, nakala hakuna. Kurudia kungechukua miezi ambayo hakuwa nayo.

Betri nilikuwa nimeshairudisha kimya kimya. Kikao kilipoitwa nikamwambia yule dada, mbele ya mkurugenzi, kwamba ni umeme wa nchi hii. Mkurugenzi akaulaani umeme kwa hisia kali, kikao kikaisha.

Yule dada alinifuata koridoni, macho yamemvimba.

"Kaka, usijiumize sana. Najua ulihangaika ili kazi yangu iende haraka. Mie narudi tu kufundisha."

"Pole, sista," nikamjibu. "Mungu atakupa kingine."

Eti Mungu! Na bado akanishukuru.

Amerudi Songea bila shahada. Mie nimepandishwa cheo. Mke wangu aliposikia habari za yule dada na kuikumbuka ile betri, aliacha kuniamini. Siku hizi nikisema nimefunga geti, anatoka kwenda kulitikisa. Mpira siangalii tena, na aibu nikiwa peke yangu haisemeki.

Nyie wenzangu mnaopigiwa makofi kwa kasi, kabla hujasema imeandikwa, hakikisha imeandikwa. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo.

Maana baadaye niliuliza ofisi ya masomo, kwa ujanja, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Wakaniambia kazi ya mwanafunzi ikipotea kwa uzembe wa taasisi, anaongezewa muda na mwajiri wake anaandikiwa barua amwongezee ruhusa. Ikipotea kwa umeme, haongezewi.

Kwa hiyo betri niliyoichukua ilimharibia kazi tu. Shahada nilimnyang'anya kwa mdomo wangu, pale kwenye kikao.