Mahali Mahindi Yalipokataa

Tulihamia Junda, ng'ambo ya maji kutoka mjini, miaka ya arobaini, nikiwa nimechoshwa na chumba chetu cha mjini, ambako chokaa ya ukuta ilidondoka hadi kwenye sahani yangu ya wali. Masika yalipoanza nikapanda mahindi. Yalishika shamba zima isipokuwa mahali pamoja, mviringo kama ungo ila mpana kama sebule. Hapo yalitoka ya manjano yakafa. Nikapanda tena, yakafa tena. Hasira zikanipanda, nikashika jembe nikachimba nijue kuna nini. Nilikuta udongo mweupe, chini yake majivu na makaa.

Nikamwita jirani yangu, mama mtu mzima asiyekosa tambuu mdomoni.

"Shikamoo, mama. Hapa palikuwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu." Aliokota kibonge cheupe, akakigusisha ncha ya ulimi, akatema. "Chokaa hii. Ishakufa, haiwashi, hata kupakwa kwenye tambuu haifai."

Hapo palikuwa na tanuu, akanieleza. Magogo yalipangwa kwa mviringo, juu yake mawe ya pwani, yakachomwa mpaka yakawa chokaa. Yeye mwenyewe, alipokuwa kigori, aliibeba kichwani hadi kwenye mitumbwi.

"Ikipelekwa wapi?"

"Ikivushwa mjini, wajengee nyumba zao."

Akautaja mtaa. Ulikuwa ule ule tuliouhama.

Nikalitazama lile duara. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nikilikung'uta shamba hili kutoka kwenye sahani yangu.