Levis Mkalimani

Mwalimu Namalwa alifundisha Kiingereza mtaani Rhonda mpaka akastaafu. Mumewe alishafariki, na mtoto wake wa pekee, Levis, alihamia Uskoti akaoa huko. Jumapili moja Levis alimpigia simu ya video ili aongee na mjukuu wake, Nangila, ambaye sasa alikuwa anazungumza vizuri.

Namalwa akamuuliza kwa Kiingereza kama amekula mkate. Kwa ulimi wake wa Kibukusu, "bread" ilitoka "pread". Mtoto akamgeukia baba yake.

"Dadi, anasema nini?"

Levis akarudia maneno yale yale kwa lafudhi ya huko. Nangila akajibu mbiombio, na Namalwa naye hakushika hata neno moja.

"Anasema ameshakula, mama," Levis alisema, akiona haya kidogo.

Namalwa ndiye aliyemfundisha Levis Kiingereza, jikoni, kabla hajaanza shule.

"Usijisumbue kutafsiri, baba," alimwambia. "Weka simu hapo mezani nimwone tu."

Levis akaiweka. Nangila akaendelea kuchora huku akijiimbia, na nyanya yake akamtazama mpaka simu ikakatika.