Mbeleko ya Wara

Nilifanya kazi na Nemesia Colque miaka kumi na tisa, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya watoto pale Oruro, mji wa nyanda za juu. Yeye kwenye pipa la kuchemshia, mimi kwenye pasi. Alizaliwa kambi ya mgodi wa bati, akaolewa na mchimbaji, na mapafu yalipomshinda mumewe wakahamia mjini. Mtu mfupi, mikono imechubuliwa na magadi. Huyo ndiye ninayetaka mumjue, ndugu zangu.

Watoto wa wodi ya mifupa hukaa miezi, wengine mwaka. Mama zao wako milimani na mifugo yao ya lama na viazi, huteremka mara moja kwa mwezi wakijaliwa. Basi kila mama akiondoka humwachia mtoto mbeleko aliyombebea, ile ya sufu yenye mistari, inayonuka moshi na jasho lake. Mtoto hujifunika uso, akalala. Nemesia alilijua hilo. Shuka alizichemsha, lakini mbeleko alizianika tu juu ya paa, akazikung'uta, akazirudisha na harufu zake.

Mwezi wa Juni chawa wakaingia wodini. Metroni akashuka mwenyewe. "Kila kitu pipani, Mama Colque. Na nikisema kila kitu, unanielewa."

Nemesia alibakiza miezi minne astaafu. Akachemsha.

Wengine walilia, wakazoea. Wara hakuzoea. Alikuwa na miaka sita, TB imemla nyonga, plasta toka kiunoni hadi kifundo cha mguu. Aliinusa mbeleko mara moja, akaisukuma sakafuni, akageukia ukuta. Siku hiyo hakula, wala ya pili. Siku ya nne wakampitishia mpira wa kumlishia puani.

"Mama yake si anakuja Jumapili?" nikamuuliza Nemesia.

"Atapita wapi? Wagomaji wamefunga barabara kwa mawe. Hata punda hapiti."

Akanunua sokoni gunia la kinyesi cha lama, ndizo kuni za huko milimani, akaifukiza mbeleko uani kwake mpaka jirani akauliza anabanika nyama ya nani na mbona hajaalikwa. Wara akainusa.

"Hii ni moto tu," akasema. "Mtu hayumo."

Nemesia akarudi chini, akakaa juu ya ndoo. Kuanzia hapo akaivaa mwenyewe. Alifulia nayo mgongoni, akapikia nayo, akailalia.

"Utaoga lini, dada?" nikamtania.

"Mtoto akila."

Mumewe akanung'unika kwamba uzeeni ameoa blanketi. Siku nane nzima Wara aliishi kwa mpira. Siku ya tisa Nemesia akaipandisha wodini. Mtoto akainusa, akainusa tena.

"Hii ni wewe."

"Ndiyo, mwanangu. Ni mimi tu."

Wara akaikunjua. Kisha akajifunika uso. Jioni akameza vijiko vitatu vya supu.

Barabara ilifunguliwa wiki ya tano. Mama yake, Hilaria, akafika na ndala za tairi, midomo imepasuka kwa baridi. Akamkumbatia mwanawe, akaivuta mbeleko amfunike, akasimama nayo puani. Nilikuwapo na Nemesia, tumeleta shuka.

"Nani huyu?" akauliza.

Nemesia akamweleza yote, macho chini: chawa, pipa, mpira. "Nisamehe, dada."

Hilaria akavua shali yake, ina moshi wa kwao, akamwekea mtoto kifuani. Wara akaishika kwa adabu, kama zawadi ya mgeni. Mkono wa pili ukawa unapapasa kitandani, unaitafuta mbeleko.

Mama yule aliutazama ule mkono. Hakulia. Akaisogeza mbeleko mpaka vidole vikaifikia.

"Nina wengine watatu juu, na mifugo," akamwambia Nemesia. "Sitarudi mpaka mvua. Endelea kuilalia."

"Na shali? Niiache naye?"

"Nitaivaa. Huko kwetu baridi."

Akajitanda, akafunga fundo kifuani, akashuka ngazi polepole.