Vifuniko Sita

Wiki iliyopita nilifungua bidoni ya njano, dumu la plastiki, iliyokuwa imesahauliwa nyuma ya mlango tangu msiba wa jirani, na harufu ikanirukia usoni. Ilikuwa harufu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliyofungiwa ndani bila kuoshwa: chachu kali, na chini yake kitu kama majani yaliyooza. Mume wangu alikimbilia madirisha huku akicheka. Mimi nilikaa kwenye ngazi, bidoni kati ya miguu, nikalia. Akadhani ni ile harufu. Ninyi nitawaambia ukweli, maana nimechoka kuubeba peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Cimpunda, kilimani Bukavu, kule juu ambako ukidondosha chungwa mlangoni unaliokota kwa jirani wa tano. Maman alikuwa anauza kasiksi iliyotoka kisiwa cha Idjwi kwa boti. Bidoni zilizojaa zilikuja zimezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa, ili pombe ipumue, na zikiisha zilirudi Idjwi tupu, midomo wazi. Kila mtu wa ziwa alijua hivyo. Ukiikazia kifuniko bidoni ya kasiksi, iliyojaa inapasuka, na iliyo tupu inanuka mpaka pombe ya safari inayofuata inakuwa ya kumwaga. Vifuniko vyetu vilikaa kwenye beseni chini ya kitanda, na hakuna aliyewahi kuvihesabu.

Maman alijivunia usafi wake kupita kiasi. Wateja wakikaa tu, aliwaambia kwamba ndani ya bidoni zake mtu anaweza kunywea chai ya askofu. Aliyekuwa akiziosha ni mimi.

Jumamosi moja aliniachia bidoni sita, nizioshe na kuzishusha bandarini kabla boti ya Tonton Cirhuza haijaondoka. Robineni, kwenye bomba la mtaa, kulikuwa na foleni ndefu, na pembeni ya foleni wasichana wenzangu walikuwa wanaruka kamba. Mnajua wenyewe. Niliruka, nikaruka tena, nikawa bingwa, na niliposhtuka jua lilikuwa limeshapita kanisa na bidoni zangu zilikuwa zinanuka vilevile. Nikakimbia nyumbani, nikachukua vifuniko sita chini ya kitanda, nikavikaza kwa mikono miwili na pindo la gauni mpaka viganja vikawa vyekundu. Harufu ikakatika. Nilijiona mwerevu ajabu.

Bandarini alinipokea Amani, kijana aliyefanya kazi ya kuteka maji yaliyoingia botini. Alikuwa na pengo mbele na hakuwahi kulificha, alicheka siku nzima. Alizitazama bidoni zangu akashangaa.

"Eh, Nsimire! Leo munafunika?"

"Maman njo alisema," nikajibu, nikimsingizia maman.

Akacheka, akazifunga kamba, akazitupia juu ya magunia ya chumvi. Tonton Cirhuza alikuwa ameinama kwenye motere, mashine ya boti. Hakuwa ndugu yetu, tulimwita tonton, yaani mjomba, kwa heshima. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila aliporudi Idjwi alinitupia nanasi dogo bila hata kunitazama, kana kwamba limemponyoka. Walikuwa wawili tu, yeye na Amani. Nilisimama nikawapungia mkono mpaka wakapotea nyuma ya rasi.

Boti haikufika Idjwi. Upepo uliivamia katikati ya ziwa mchana huohuo, ikalala ubavu, ikazama na magunia yake. Siku ya nne tulisikia kwamba Cirhuza ameokotwa hai, amelala juu ya mawe ufukoni upande wa Kalehe, midomo imepasuka. Amani hakuonekana.

Aliporudi Bukavu, wanaume wa boti walimkalisha bandarini asubuhi, juu ya gunia la mkaa, wakamzunguka. Wenyewe hawakukiita kikao hicho baraza. Kwao ilikuwa desturi tu: baharia akirudi bila mwenzake, anasema mbele ya wenzake ilikuwaje, na wakimkuta alimwacha mwenzake majini, hakuna boti itakayompokea tena. Mama yake Amani aliketi mbele kabisa, kitenge kichwani. Maman na mimi tulikuwa palepale, tukipanga sahani za sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kuuza. Nilisikia yote.

Tonton Cirhuza alisema alielea siku tatu. Watu wakaguna. Wakaanza kubishana, na nakiri nilikuwa nafurahia, maana mabaharia wakibishana hapakosi kichekesho. Mmoja alisema siku tatu ni bongo, yaani uongo, baridi ya usiku mmoja tu inaua ng'ombe. Mwingine akasema yeye aliwahi kuelea tangu alfajiri mpaka jioni na hakufa, ingawa mke wake alishaanza kuazima viti vya kilio. Wakacheka. Wa tatu akauliza Cirhuza alikunywa nini. "Maji ya ziwa," akajibu, na hilo walilikubali. Alikula nini? Hakula. Hilo pia walilikubali, baada ya kelele. Nilimwona mama yake Amani anaanza kuinua uso.

Kisha kapita wao, msimamizi wa mabaharia, mzee mnene aliyezoea kuongea akiwa amefumba macho, akauliza, "Sasa ulielea juu ya nini?"

"Juu ya bidoni za Maman Nsimire. Zilikuwa sita. Nilikata kamba, nikamupa Amani tatu, mi nikabaki na tatu. Tuliongea mpaka giza. Asubuhi sikumuona tena." Akageuka kwa yule mama. "Sikumuacha, maman. Mikono yake njo ilimuacha."

Kapita akafumbua macho. "Bidoni za kasiksi? Zenye kinywa wazi?"

"Zilikuwa zimefunikwa. Zote."

Ayi! Hapo palilipuka kicheko ambacho ninakisikia mpaka leo. Hata yule aliyewahi kuelea tangu alfajiri, aliyekuwa upande wake, alipiga paja. Bidoni ya kasiksi yenye kifuniko, nani amewahi kuiona? Bidoni wazi inajaa maji upesi, haibebi hata kuku. Kwa hiyo hapakuwa na bidoni, hapakuwa na kugawana tatu kwa tatu. Aliogelea peke yake, wakasema, akamwacha mtoto wa watu. Bidoni zenyewe ziko wapi? Akasema mawimbi yalimgongesha kwenye mawe, akaziachilia. Wakacheka zaidi.

"Tumuulize mwenyewe," kapita akasema. "Maman Nsimire, bidoni zako zinaendaka na vifuniko?"

Maman alijifuta mikono, akasimama wima. Wateja wake wote walikuwa pale.

"Bidoni zangu? Papa, tangu nianze hii kazi hazijafunikwa hata siku moya. Mi si mama wa kuuza uchafu."

Hakusema uongo. Alisema alichokijua. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge chake kwa nyuma, na viganja vyangu vilikuwa kama bado vinauma. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: mimi njo nilifunika. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtazama maman, nikakumbuka fimbo iliyokuwa juu ya kabati, nikaimeza.

Mama yake Amani aliinuka. Cirhuza alimnyooshea mkono, naye akaupita kama watu wanavyopita kinyesi njiani.

Juma moja baadaye Tonton Cirhuza alipanda Cimpunda. Maman alikuwa sokoni Kadutu. Alisimama mlangoni na begi begani, amekonda, akanisalimia, akatazama ndani hadi chini ya kitanda, kwenye beseni.

"Mutoto, nani alifunikaka zile bidoni?"

Nilijua amekuja kunishtaki. Kwa nini tena mtu mzima apande mlima ule?

"Sijue," nikasema.

Alitazama mikono yangu, nikaificha nyuma. Akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wangu.

"Ukimujua, umwambie Cirhuza alisema aksanti. Vilikazwa muzuri. Havikuingiza hata tone."

Akatoa nanasi dogo kwenye begi, safari hii akaniwekea mkononi, akashuka. Tulisikia amekwenda Shabunda kuchimba dhahabu, mtu aliyezaliwa kwenye maji. Huko alifia. Sijui hata amezikwa kijiji gani.

Miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuelewa. Nilielewa nusu. Nilielewa kwamba nimeogopa. Sikuelewa kwamba uvivu wangu ulimwokoa na ukimya wangu ukamzamisha, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amejua. Angeweza kunishika mkono akanipeleka bandarini. Alipanda mlima kunishukuru, akaniachia mimi kusema, nami nikala nanasi. Na mama yake Amani akafa akiamini mwanawe aliachwa, wakati mwanawe alipewa nusu.

Baada ya kulia pale kwenye ngazi, nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda kwa maman. Siku hizi haoni vizuri, anauza mkaa kidogo mlangoni. Nilimweleza yote, kuanzia kamba mpaka nanasi. Mikono yake ikawa inapapasa kitenge magotini, inakunja, inakunjua.

"Mimi njo nilisimama mbele ya bale batu kule bandarini," akasema mwishowe. "Na kile kiburi changu."

Nikamwambia hakujua, na kwamba mimi niliogopa kupigwa. Akainua uso kunitafuta, macho yake yakapita pembeni kidogo ya pale nilipokuwa.

"Ningekuchapa, ndiyo," akasema. "Fimbo tatu, Nsimire. Zingekuwa tatu tu."