Kuachia Mukwa

Katunge alijifunza karate mjini Kitui alipokuwa akifanya kazi hotelini, hadi akavishwa mshipi wa kahawia. Aliporudi Mukuyuni tulimtania kwamba mumewe huomba ruhusa hata ya kukohoa. Enzi hizo alicheka nasi.

Jioni moja akitoka mtoni na maji, mwanamume alimvamia kutoka nyuma. Maji yetu huchotwa kwenye mashimo ya mchangani, kikombe kwa kikombe, na mtungi hubebwa mgongoni kwa mukwa, mkanda unaopita utosini. Yule mtu aliushika mkanda akauvuta. Katunge, aliyeweza kuvunja tofali kwa kiganja, aliung'ang'ania kwa mikono yote miwili ili maji yasimwagike. Shingo yake haikupona. Mengine aliyotendewa hatuyataji. Watu walinong'ona tu kwamba karate yake imemsaidia nini.

Ndiyo maana wasichana ambao Katunge sasa anawafunza kujilinda nyuma ya kanisa hawaanzi na teke wala ngumi. Wanabeba mitungi iliyojaa, anawashika kwa nyuma, nao waachie mukwa, maji yamwagike. Alijaribu kwanza kujaza mchanga, akaona wanauachia bila uchungu, akajua hawajajifunza kitu.

Kalunde, mama yake Muthoki, mmoja wa wasichana hao, alimjia juu siku moja.

"Hii maji unamwaga, umechota wewe?"

"Ni mimi nimechota, mwaitu," Katunge alijibu, akimwita mama kwa heshima.

"Basi wewe hauko sawa. Muthoki, twende nyumbani."

Muthoki alikataa kuondoka. Lakini kila aliposhikwa, vidole vyake vilikaza mukwa, wiki nenda wiki rudi. Katunge alimwogopea sana, nami niliona amezidisha.

Kiangazi hiki nilikuwa uani kwa Kalunde Muthoki alipotokea mbio, mikono mitupu, blauzi imeraruka, alama za vidole shingoni. Hakumtaja aliyemshika.

"Mama, nimemwaga maji," alisema akilia. "Nimemwaga yote."

Nyumbani kulikuwa na ndoo moja tu ya maji, ya kupikia. Kalunde aliitoa, akamwosha binti yake uso, shingo na miguu mpaka ikaisha. Kisha akanituma kwa Katunge.

Katunge alimkagua Muthoki, akamshukuru Mungu kwa sauti, halafu akaketi chini akalia kutushinda sote. Tulidhani ni furaha. Kalunde alimshika mkono.

"Pole, Katunge," alimwambia. "Siku yako hakuna mtu alikuambia pole."