Mdogo Wangu Wakamwita Kabla

Msinionee huruma, sikuja kuitafuta. Nimefanya jambo la kichefuchefu, nikakaa nalo kimya kwa miezi, na sasa kila nikishika kompyuta najionea kinyaa. Nilimchafua mdogo wangu wa damu kwa mikono hii, tena huku napiga mluzi.

Tumezaliwa wawili tu, wote wasichana. Yeye nimwite Zuhura, jina lake siyo hilo. Tunaishi na mama yetu hapa Dar, mtaa wa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, vyumba viwili alivyotuachia marehemu baba.

Kazi yangu ni moshen grafiksi, yaani kufanya picha na maandishi yatembee kwenye skrini. Sikusomea chuoni. Nilijifunza kwa video za mtandaoni mwaka mzima, natazama, nasimamisha, narudia, kompyuta inachemka mpaka naiwashia feni. Zuhura ndiye aliyekuwa mtazamaji wangu wa kwanza. Nikitengeneza mpira unadunda, namwita.

"Dada, mpira wako mzito, unadunda kama jiwe," ananiambia, na kweli ulikuwa mzito.

Baadaye nikapata nafasi ya majaribio kwenye studio ndogo ya matangazo Kariakoo. Bosi akasema kazi moja tu ndiyo itaamua kama nabaki au naondoka. Ilikuwa tangazo la duka la vipodozi, la krimu ya kung'arisha ngozi. Uso uanze mweusi wenye madoa, chini yake neno KABLA, kisha ubadilike taratibu uwe mweupe laini, chini yake BAADA.

Ningeweza kukataa. Jamani, nilifurahi! Kubadilisha uso bila mtu kujua umebadilikia wapi ni kazi ya fundi, na mimi nilitaka nionekane fundi.

Shida ikawa huo uso. Picha za mtandaoni zilikuwa za kununua, au zimepigwa maandishi katikati. Wiki ileile Zuhura alikuwa amenitumia picha yake nimbadilishie rangi ya nyuma iwe bluu, maana alikuwa anaomba chuo cha uuguzi. Anatazama mbele, ametulia, hacheki. Ilikuwa imekaa vizuri mno.

Sikumwomba. Nilijidanganya kwamba nitamgeuza mpaka asijulikane. Nikamkoleza weusi ambao hana. Nikamchora chunusi moja moja, nikaziwekea na kivuli ili zionekane zimevimba. Kwenye paji la uso nikaongeza madoa. Nilipomaliza nikaegemea kiti, nikasema moyoni, hapa nimeua. Mwenyewe yuko jikoni anakaanga maandazi, mimi namchora uchafu usoni na nausifu mkono wangu.

Mwenye duka, mama mmoja mtaratibu, alipoiona aliuliza swali moja tu.

"Huyu binti ni nani? Ameridhia?"

"Ni modo wetu, mama. Ameridhia."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Bosi akairudia ile sehemu ya kubadilika, akawaita na wenzake waje waone. Nikaajiriwa.

Tangazo likawekwa kwenye skrini mlangoni mwa duka, linajirudia kutwa nzima. Wapita njia wakalirekodi, likaingia kwenye status za watu.

Siku moja Zuhura akaenda Mchikichini kutafuta viatu vya mtumba. Muuzaji akamkazia macho, halafu akapaza sauti.

"Oya, chekini, si yule Kabla wa tangazo huyu! Sista, vipi, mbona bado hujafika Baada?"

Wakacheka meza zote za pale. Kuanzia hapo jina likamganda. Akipita, Kabla. Akinunua vocha, "Kabla, mambo?" Wengine hata tangazo lenyewe hawajaliona, wanaitikia tu.

Siku ile ya viatu alirudi mikono mitupu, akaweka simu mbele yangu, tangazo linacheza.

"Dada, ndivyo unavyoniona hivi?"

Nikamjibu, "Acha mambo yako, ni kazi tu. Wangapi wanatafuta kuonekana na hawapati?" Niliogopa akilalamika nitafukuzwa. Hakulia. Alichukua simu yake, akaenda kuanua nguo. Na mimi sikumwomba bosi aliondoe lile tangazo, hata kwa utani.

Miezi ikapita. Nikaanza kusikia harufu kali kwenye mtandio wake. Akawa anavaa mikono mirefu kwenye joto hili la Dar. Halafu mchana mmoja nilimwona juani, kwenye kamba za nguo. Uso mwekundu kama umepigwa na mvuke wa sufuria, vifundo vya vidole vimegoma, vimebaki vyeusi. Mdogo wangu anapaka mkorogo, anajichubua. Na mashavuni zimemtoka chunusi! Zile nilizomchora mimi, sasa anazo za kweli.

Mama naye akaona. Akamtuhumu rafiki wa Zuhura, binti wa saluni ya hapo chini, kwamba ndiye anayempa mkorogo, akampiga marufuku kukanyaga kwetu. Yule binti akaapa kwamba hajui lolote, akashuka ngazi analia. Zuhura akanyamaza. Mimi nilikuwa pale pale nakunywa chai, nikanyamaza vilevile. Zuhura alinitazama mara moja tu. Alikuwa ananificha, na mimi nikamwacha anifiche. Hapo ndipo ninapojichukia kuliko kote.

Jumapili iliyopita nilishindwa. Nilimpa mama simu yenye lile tangazo, ambalo alikuwa hajaliona, nikamwambia huyu ni Zuhura, nimemtengeneza mimi, sikumwomba, na yule binti wa saluni hana kosa. Mama akalitazama mpaka mwisho, akataka lirudie. Lilipofika KABLA akagusa skrini, likasimama.

"Zuhura kafanana na nani?" akaniuliza.

"Na wewe, mama."

"Basi umenichora mimi. Kumbe siku zote unanionaga hivi."

Hakunifokea. Alijifunga khanga, akashuka saluni kumwomba radhi yule binti. Mama mtu mzima anaomba radhi kwa uchafu wangu, mimi nimesimama ngazini nasikia.

Mwenye duka nilipomweleza ukweli alilizima siku hiyohiyo. Zuhura anatibiwa ngozi. Salamu tunapeana, zaidi ya hapo hakuna, na sina haki ya kumharakisha. Mtaani bado wanamwita lile jina.

Ninyi mnaojifunza kazi hii na kutafuta picha ya bure, muulizeni mwenye uso, kwa mdomo, na mumwonyeshe mnachotaka kumfanya. Ukiona aibu kumwonyesha, acha. Na kama umeshafanya, kaseme leo, ukitukanwa utukanwe. Mimi nilisubiri mpaka mdogo wangu akaiamini picha yangu kuliko kioo.