Risasi Iliyopunguzwa Kasi

Siku yangu ya kwanza kwenye bucha ya kulungu, pale Woodbridge, huku ughaibuni, Fundi Mkuu hakunipa kisu. Alinipa bega la mnyama, jeusi kwa damu iliyovilia, akaniuliza, "Huyu alipigwa kwa mbali au kwa karibu?" Mimi mtoto wa Kitui, mbuzi nimewachuna tangu utotoni, lakini mbuzi wetu hawapigwi risasi. Nikaligeuzageuza tu. Akacheka, akasema, "Kwa karibu mno. Utajifunza."

Nikajifunza kweli. Risasi ya kuwindia ina kiini cha madini laini kilichovikwa shaba, na ncha yake imeundwa ifunguke kama uyoga ikiingia mwilini. Ikimkuta kulungu wa karibu ikiwa bado na kasi yake yote, huweza kupasuka vipande, na bega zima tukalitupa kwa kuogopa chembe za madini yale yenye sumu. Ikifika imechoka, haifunguki. Hutoboa tundu dogo na kutokea upande wa pili, na mnyama akakimbia na maumivu yake. Fundi Mkuu alikuwa akitia kidole kwenye jeraha, anafumba macho, kisha anakuambia mambo yalivyokwenda kule porini. Nilimhusudu mzee yule, sifichi.

Nilianzia kwenye kuchuna, nikapandishwa meza ya kukatia, mwisho nikawekwa mapokezi. Hapo ndipo nilipomjua Bwana Salim, dereva wa teksi wa mji jirani wa Alexandria, mzaliwa wa Tanga. Mkwewe alikuwa njiani kuja kumtembelea, mzee wa dini asiyekula nyama ya kubahatisha, na Salim aliapa kumkaribisha kwa kulungu wa mkono wake mwenyewe.

Akaleta kulungu aliyempiga, akamtafuta vichakani nusu siku, akamkuta amekufa.

"Dada, risasi najaza mwenyewe, nili-load baruti kidogo makusudi," akaniambia. "Nilitaka aanguke tu, nimuwahi na kisu, nimchinje kihalali. Sasa amekufa mwenyewe!"

Fundi Mkuu akapima tundu: dogo kuingia, dogo kutoka. Akaniomba nimfasirie Salim kwa Kiswahili vizuri, neno nisilipunguze makali. "Ulilenga sawasawa. Lakini uliinyima risasi kasi, haikufunguka. Amekufa taratibu."

Salim akampigia simu shehe wake palepale. Shehe akamwambia kwamba mwindaji hutaja jina la Mungu anapofyatua. Risasi ikichoma na damu ikamwagika, mnyama ni halali hata akikutwa amekufa.

"Wewe ulilitaja?"

Salim akainamisha kichwa. "Bismillahi nilikuwa nimeiweka ya kisu, shehe."

Basi nyama ile tuliila sisi wa kanisani, na ilikuwa tamu. Mkwe alipofika alilishwa kuku. Salim aliona haya msimu mzima, nami nilimwonea huruma, maana nia yake ilikuwa njema kabisa.

Leo nimestaafu, magoti yamegoma. Vijana wa huku hunipigia simu kuniuliza risasi ya kasi gani inafaa. Nawajibu wajiulize kwanza kulungu atakuwa umbali gani, kisha nawasimulia msimu uliofuata aibu ile ya Salim, mkwe aliporudi na kuja buchani mwenyewe, kanzu ndani ya koti zito. Safari hii Salim alikuwa amemleta kulungu aliyempiga kwa baruti kamili. Nilijiandaa kuulizwa habari za bismillahi.

Mzee hakuiuliza. Alimwinamia kulungu, akaniambia, "Mwanangu, hebu muulize huyo fundi. Aliteseka?"

Nikafasiri. Fundi Mkuu akafungua kifua, akamwonyesha mapafu yaliyosambaratika na risasi iliyochanua sawasawa chini ya ngozi ya upande wa pili.

"Mwambie mzee kwamba risasi ya kasi hii huutangulia mlio wake," akasema. "Huyu hakusikia hata bunduki."

Mzee akapumua, akavua kofia yake ya joto.

"Basi nikatie paja, mwanangu," akaniambia. "Nitakula."